Ukishapokea Hela ya Mteja, Usimbadilishie Masharti

Leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi wala ya kupiga picha nzuri kwa simu. Nataka tuongelee yale maandishi tunayobandika chini ya tangazo. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." "Hatuhusiki mzigo ukishatoka dukani." "Masharti yanaweza kubadilika muda wowote." Wengi wetu tumeyakopi kwenye kurasa za wenzetu bila kufikiria mara mbili. Na mimi niliyakopi. Yakanitokea puani.

Kwa wasionifahamu: niko Arusha, nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunza mwenyewe kwa kupigwa na hasara. Nauza makoti ya baridi, mabegi ya mgongoni, mifuko ya kulalia na mahema ya mitumba. Mzigo mwingi naufuata Moshi, soko la Memorial. Nafua, nashona zipu, napiga picha, naweka Instagram na stetasi ya WhatsApp. Mahema mengine nakodisha. Mwaka jana nikasema ngoja nipande ngazi moja. Badala ya kukodisha hema peke yake, niwauzie watu safari nzima ya kulala kambini usiku mmoja.

Nilipata kambi moja ya mtu binafsi nje ya mji. Jina silitaji, sijaja hapa kuchafua biashara ya mtu. Tulikubaliana kwa meseji shilingi 25,000 kwa kichwa, humo ndani kuna maji ya kuoga, kuni na mlinzi. Nikapata wateja 14, jumla 350,000. Nikatuma kianzio nusu, 175,000. Meseji ya "imepokelewa, karibuni" ninayo mpaka leo.

Wateja wangu niliwatoza 60,000 kila mmoja, kila kitu ndani. Nikakusanya 840,000. Toa kambi 350,000, toa Hiace na mafuta 220,000, toa chakula 150,000. Nabaki na 120,000. Kwa mtu aliyezoea kuuza koti moja baada ya meseji arobaini, niliona nimetoboa.

Siku nne kabla ya safari napigiwa simu.

"Dogo, bei imebadilika. Sikukuu hizi ni 35,000 kwa kichwa."

Nikamwambia, bosi, mbona tulishakubaliana na kianzio nimetoa?

"Angalia ukurasa wetu. Tumeandika masharti yanaweza kubadilika muda wowote."

Basi nirudishie kianzio changu.

"Kianzio hakirudishwi. Na hilo tumeandika."

Piga hesabu na mimi. Ongezeko la 10,000 mara watu 14 ni 140,000. Faida yangu ilikuwa 120,000. Yaani kabla sijafunga hata hema moja kwenye Hiace, tayari nina hasara ya 20,000. Nikiwaomba wateja waongeze, naonekana tapeli. Nikiahirisha, napoteza 175,000 na jina. Nikameza. Nikalipa.

Usiku ule nilikuwa na hasira na woga kwa pamoja. Nikasema kama mambo yenyewe ndiyo haya, na mimi nijilinde. Nikafungua tangazo la safari, nikaongeza mstari chini kabisa: "Hatuhusiki na lolote litakalotokea safarini." Wateja wote 14 walikuwa wameshalipa. Shika hilo, nitalirudia.

Siku ya safari tumefika getini saa moja usiku. Mlinzi anatoa fomu. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Kwa maneno yetu ilikuwa inasema kwamba mgeni anakubali kuwa kambi haihusiki na ajali, kifo, wizi wala hasara yoyote, hata ikisababishwa na wafanyakazi wa kambi wenyewe. Asiyesaini haingii. Fomu hiyo haikuwahi kutajwa popote, si kwenye meseji, si kwenye simu, si kwenye ukurasa wao. Watu wamechoka, giza limeingia, njaa inauma, hela imeshalipwa. Ungefanyaje, urudi mjini? Tukasaini wote kwa mwanga wa tochi za simu. Sidhani kama watu watatu waliisoma.

Saa nne usiku, dada mmoja muuguzi, mteja wangu wa zamani wa makoti, akaenda bafuni. Njiani kulikuwa na shimo la maji machafu lililofunikwa kwa ubao. Ubao ulikuwa umeoza, na taa ya pale ilikuwa haiwaki. Mguu ukazama mpaka gotini. Alichanika kwenye muundi, akashonwa nyuzi sita usiku uleule, gharama ya hospitali 85,000.

Asubuhi nikamfuata msimamizi wa kambi. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alienda kwenye droo, akatoa fomu yenye saini ya yule dada, akaniwekea mezani. "Dogo, si mlisaini?"

Nimerudi mjini nimefura. Nikawa naandika posti ndefu kichwani ya kuwaanika. Siku ya pili, kabla sijaiandika, meseji ikaingia kutoka kwa yule dada. Hakuwa na ukali. Aliniambia ameshindwa kwenda zamu siku mbili, akauliza kama naweza kumsaidia gharama za hospitali, kwa sababu safari alilipa kwangu, siyo kule kambini.

Mnajua nilimjibu nini? Nilimtumia skrinishoti ya tangazo langu, nimezungushia duara jekundu ule mstari wa "Hatuhusiki".

Alikaa kimya kama saa nzima. Halafu akajibu: "Mdogo wangu, haya maneno hayakuwepo siku nalipa. Tangazo lako nililihifadhi." Na chini yake picha. Tangazo langu la mwanzo, safi, bila ule mstari.

Nilikaa kwenye kitanda nimeshika simu. Nilichofanyiwa na kambi, nilikuwa nimemfanyia yeye neno kwa neno. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimpigia, nikamwomba radhi, nikalipa ile 85,000. Safari iliyokuwa inipe faida ya 120,000 ikaniachia hasara ya 105,000. Yule dada mpaka leo salamu yangu anaitikia, ila koti kwangu hajanunua tena. Na sina cha kumlaumu.

Msimamo wangu

Sasa twende kwenye hoja. Masharti ni sehemu ya bei. Mteja anapotuma hela hanunui hema peke yake. Ananunua hema pamoja na ahadi zote zilizokuwepo pale siku analipa: bei ile, tarehe ile, haki ile ya kurudishiwa au kutorudishiwa. Ukimuongezea sharti baada ya hapo umempandishia bei kimyakimya. Hakuna tofauti na muuza nyama anayekupimia kilo moja, akishapokea hela anatoa kipande kimoja kwenye mfuko.

Na la pili: neno "hatuhusiki" halisafishi uzembe wako. Ubao uliooza ni wa mwenye kambi. Taa mbovu ni yake. Saini ya mgonjwa haibadilishi ubao kuwa mpya.

Kuna watakaosema hizi ni huruma tu, biashara haziendeshwi kwa huruma. Haya, tuangalie wenye sheria zao wanasemaje.

Nina mteja anasoma sheria chuoni. Baada ya kumsimulia, alinitumia sauti ndefu ya WhatsApp, akanieleza kesi mbili za Uingereza ambazo wanafunzi wa sheria wanazisoma mpaka kwetu, kwa sababu sheria yetu ya mikataba imerithi mengi kutoka kwa Mwingereza.

Ya kwanza ni ya 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court. Mke na mume walifika hotelini London, wakalipa wiki moja mbele pale mapokezi, wakapanda chumbani. Huko chumbani kulikuwa na tangazo ukutani kwamba hoteli haihusiki na vitu vilivyopotea kama mgeni hakuvikabidhi vitunzwe. Baadaye mwizi akaingia chumbani kwa ufunguo uliochukuliwa mapokezi, akaondoka na makoti ya manyoya ya yule mama. Hoteli ikaonyesha tangazo. Mahakama ikasema hapana. Mkataba ulifungwa mapokezi, hela ilipotoka. Tangazo la chumbani lilichelewa.

Ya pili ni ya 1971, Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking. Bwana mmoja aliingiza gari kwenye maegesho ya kulipia, mashine ikamtolea tiketi. Kwenye tiketi kulikuwa na maandishi madogo ya kumpeleka kwenye masharti yaliyobandikwa humo ndani, na masharti yakasema wenye maegesho hawahusiki mtu akiumia. Aliporudi kuchukua gari akaumia. Mahakama ikasema mtu akishaifikia mashine na kupewa tiketi, mambo yamekwisha, hawezi kubishana na mashine. Masharti ya baada ya hapo hayamfungi. Na sharti zito kama hilo lilitakiwa limulikwe wazi kabla.

Fikiria ile fomu ya getini saa moja usiku. Fikiria mstari wangu niliouongeza usiku wa hasira. Wote tulichelewa.

Baadaye Uingereza walienda mbele zaidi. Sheria yao ya 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki ilimkataza mfanyabiashara kukwepa kwa maandishi wajibu wa kifo au majeraha yaliyoletwa na uzembe wake. Hata uandike kwa herufi kubwa kama nyumba.

Majirani zetu Kenya wameliweka kwenye Katiba yenyewe, ya 2010. Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa taarifa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au akiumia kwa sababu ya kasoro ya bidhaa au huduma.

Na hapa Tanzania msidhani tuko porini. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza mfanyabiashara kumhadaa mlaji. FCC pia inaangalia ile mikataba ya mlaji iliyoandaliwa na upande mmoja, yaani ile karatasi ambayo mteja anapewa asaini tu bila kubadilisha hata nukta. Halafu kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, hii inatugusa sisi wa mtandaoni moja kwa moja. Inamtaka muuzaji ajitambulishe, atoe anwani na mawasiliano, aeleze anachouza, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia oda nzima, kusahihisha makosa au kujitoa kabla hajaagiza. Soma tena hilo la mwisho. Kabla hajaagiza.

Mimi siyo mwanasheria. Kama una kesi mezani, tafuta wakili. Ninachokuonyesha ni kwamba wenye sheria zao na mteja mwenye skrinishoti wanauliza swali lilelile: uliniambia lini?

Hatari ya porini na uzembe wa mtu

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi fomu zote ni mbaya. Mambo ya kambi yana hatari zake za kweli, na mteja anatakiwa kuzijua.

Angalia kambi za umma za Seronera kule Serengeti. Hazina uzio. Fisi wanapita, simba wanapita, wewe uko ndani ya kitambaa. Angalia kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ni juu ya mita 2,000, usiku kuna baridi ya kuuma mifupa hata kama mchana ulikuwa unatokwa jasho, na tembo wanajulikana kupita humo kambini. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kumwamrisha tembo. Ukimwandikia mteja "hapa hakuna uzio, usitoke nje ya hema usiku peke yako, chakula usilale nacho ndani, njoo na koti zito", umemsaidia. Akikubali kwenda baada ya kusoma hayo, amechagua hatari anayoijua.

Lakini ubao wa shimo la maji machafu siyo tembo. Waya wa umeme ulio wazi siyo simba. Hiace yenye tairi zilizokwisha siyo baridi ya Ngorongoro. Hivyo ni vitu vilivyo mikononi mwa mwenye biashara, anavijua au alipaswa kuvijua, na angeweza kuvirekebisha. Fomu inayochanganya vyote viwili kwenye kapu moja la "lolote litakalotokea" haimwonyi mteja chochote. Inamwambia tu kwamba akiumia yuko peke yake.

Leta hilo kwenye biashara yako wewe usiyeuza kambi. Unauza vipodozi: kumwambia mteja ajaribu kidogo mkononi kwanza kwa sababu ngozi hazifanani, hilo ni onyo la haki. Kumuuzia losheni iliyopita muda halafu ukasema "hatuhusiki na madhara", huo ni uzembe. Unatuma mzigo mkoani kwa basi: kumwambia kwamba basi linaweza kuchelewa kwa sababu ya mvua, haki. Kufunga sahani za udongo kwenye mfuko wa rambo halafu zikivunjika unasema "mzigo ukishatoka dukani siyo wangu", uzembe. Unauza simu za mitumba: kusema "betri ni ya zamani, inakaa nusu siku", haki. Kujua kioo kina mstari, ukapiga picha upande mmoja, halafu ukaandika haturudishi hela? Unajua mwenyewe jibu.

"Lakini wateja wa siku hizi wasumbufu"

Najua. Nimekodisha hema likarudi limechomwa na mkaa, mteja anasema alilikuta hivyo. Nimebebwa na mtu aliyeweka nafasi ya watu sita, siku ya safari akaleta wawili, anataka hela ya wanne. Usipojilinda utafilisika, hilo silipingi hata kidogo.

Ninachopinga ni kudhani kwamba neno kali ndilo linalokulinda. Nilichokuja kugundua ni kwamba sharti linalonilinda ni lile ambalo mteja alilisoma akiwa bado na hela yake mfukoni, akasema sawa. Hilo hata akikasirika baadaye hawezi kulikataa, kwa sababu "sawa" yake ipo kwenye simu yangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la sisi wa mtandaoni ni meseji.

Angalieni Recreation.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuwekea nafasi kwenye kambi za hifadhi na misitu yao. Ukighairi nafasi ya kawaida ya kambi unakatwa dola 10. Ukichelewa kughairi mpaka dakika za mwisho, unapoteza pia hela ya usiku wa kwanza. Hakuna kubembelezana. Ni masharti makali kabisa, lakini yana namba, na mteja anayaona kabla ya kulipa. Ukali wa sharti siyo tatizo. Tatizo ni kulificha na kulibadilisha.

Na bei ya mafuta ikipanda kweli je? Mwenye Hiace akikugeuka? Jibu ni kwamba hilo ulitakiwa kulisema mwanzoni. Andika: "Bei hii ni kwa watakaolipa kabla ya tarehe 10." Au andika: "Mafuta yakipanda kabla ya safari, nyongeza haitazidi 5,000 kwa mtu, na asiyetaka kuongeza anarudishiwa hela yake yote." Mteja anajua kikomo, anajua mlango wa kutokea uko wapi. Lakini "muda wowote" bila kikomo wala mlango, hiyo ni hundi ambayo umemtaka mteja asaini bila kujaza namba.

Ukishindwa kabisa, mpigie mteja, mwambie ukweli, mpe achague: aongeze au arudishiwe hela yote. Wengi wataongeza. Watu wanaelewa shida. Wasichoelewa ni kushtukizwa.

Ninavyofanya sasa

1. Masharti yangu hayazidi mistari sita, kwa Kiswahili. Kama siwezi kuyaeleza kwa mistari sita basi hata mimi sijayaelewa.

2. Namtumia mteja kabla ya lipa namba. Lipa namba inakuja baada ya yeye kujibu "nimekubali". Hii peke yake imenipunguzia ugomvi kuliko kitu kingine chochote.

3. Naandika tarehe juu ya masharti. "Masharti ya kuanzia tarehe 1 Machi." Nikitaka kubadilisha nabadilisha, ni haki yangu, lakini yanawahusu wateja wapya. Aliyelipa jana anabaki na ya jana. Bei mpya, mteja mpya.

4. Kitu kizito nakitamka kwa sauti. Kama kuna sharti la kupoteza hela au la hatari, natuma sauti au napiga simu kulisema. Silifichi mstari wa tano.

5. Nakagua kambi mwenyewe, mchana na usiku. Naangalia vyoo, taa, mashimo, njia ya bafuni. Namuuliza mwenye kambi moja kwa moja: mna fomu ya kusaini getini? Nipe sasa niisome. Akikataa kunipa, sipeleki watu wangu.

6. Hema kabla halijatoka napiga picha pande zote mbele ya mteja, na picha namtumia. Dhamana ni 20,000, inarudi palepale hema likirudi zima.

Na hii ndiyo meseji yenyewe. Ikopi, badilisha namba ziendane na biashara yako:

"Habari. Safari ni Jumamosi, 60,000 kwa mtu: usafiri, chakula, kambi na hema. Ukighairi siku saba kabla, unarudishiwa yote. Siku tatu kabla, nusu. Chini ya hapo hairudi, ila unaweza kumtuma mtu mwingine. Bei haitapanda kwako ukishalipa. Kambi haina uzio na usiku ni baridi, njoo na koti na tochi. Kikiharibika kitu kwa kosa letu, tunawajibika. Ukikubali jibu NIMEKUBALI, nikutumie namba ya malipo."

Mtaniuliza: huo mstari wa "tunawajibika" hauogopeshi? Unaogopesha, tena sana. Unanifanya nikague kamba za hema mara mbili. Unanifanya nikatae Hiace yenye tairi mbovu hata kama ina nafuu ya elfu thelathini. Kabla ya hapo nilikuwa na mstari wa "hatuhusiki", na ule haukunifanya nikague kitu.

Leo kabla hujalala fungua ukurasa wako, soma masharti yako kama vile ni wewe unayetaka kununua. Kisha chukua oda ya mwisho uliyopokea, jiulize: huyu mtu aliyaona haya kabla ya kutuma hela, au mimi ndiye niliyemwekea baadaye? Kama ni baadaye, futa. Kama una mteja uliyemrushia skrinishoti yenye duara jekundu kama nilivyofanya mimi, mtafute. Kumlipa kutauma. Mimi ilinigharimu 85,000 na bado sijampata mteja wangu.

Tukutane wiki ijayo, bosi wangu. Kama na wewe umewahi kubadilishiwa masharti ukiwa umeshalipa, tuandikie hapo chini, wenzako wajifunze. Majina ya watu acha.